Kupunguza wanga katika mlo: Faida na hatari kwa wagonjwa wa kisukari wa Kianjai

CHAKULA cha kila siku katika Kianjai, eneo la Tigania Magharibi, Kaunti ya Meru, kwa kiasi kikubwa ni wanga. Asubuhi ni uji, au chai ya maziwa yenye sukari kwa mandazi; mchana ni githeri; jioni ni ugali, mukimo au ndizi zilizopikwa pamoja na viazi. Nyama huja siku za sherehe, au pale soko linapokuwa limemtendea mkulima hisani.

Ndiyo sababu ushauri wa kupunguza wanga, unaotolewa siku hizi katika kliniki za kisukari na kusambazwa pia kwa simu za mkononi, huwa mzito kuliko unavyosikika. Anayeambiwa hivyo ameambiwa apunguze karibu kila kilichomo sufuriani. Wapo wanaoupuuza kwa kuuona hauwezekani. Wapo pia wanaoufuata kwa bidii, wakaacha ugali ghafla huku wakiendelea kumeza dawa zilezile kwa kipimo kilekile, na hao ndio walio katika hatari ya karibu zaidi.

Wanga ni kirutubishi kinachopatikana kwa wingi katika nafaka, mizizi, ndizi, kunde, matunda, maziwa na sukari. Tumboni huvunjwavunjwa kuwa glukosi, ambayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini ili glukosi hiyo iingie katika misuli na ini. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, mwili hauitikii insulini ipasavyo na kongosho huelemewa, hivyo glukosi hubaki katika damu. Baada ya miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu ya miguu na moyo.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kuwa takriban watu 2 kwa kila 100 walikuwa na kisukari. Jambo la kutia hofu zaidi ni kwamba karibu watu 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu hata mara moja.

Wataalamu kwa kawaida huita mlo kuwa wa wanga kidogo iwapo una chini ya gramu 130 za wanga kwa siku. Upo mkali zaidi, wa gramu 20 hadi 50 tu, ambao huulazimisha mwili kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni, kemikali ambazo ubongo huweza kuzitumia badala ya glukosi. Huo ndio unaojulikana na wengi kwa jina la keto.

Tarakimu hizo hueleweka vyema zikitafsiriwa kwa lugha ya jikoni. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Mtu mzima aliyeshinda shambani na jembe anaweza kula ugali uliosongwa kwa unga wa gramu 150 pasipo kuonekana mlafi. Sahani hiyo moja ina gramu zisizopungua 110 za wanga, yaani karibu kipimo chote cha siku nzima. Kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari huongeza gramu 12 au zaidi, na soda ya mililita 300 huongeza zaidi ya gramu 30.

Hapa ndipo kosa lililoenea sana linapojitokeza. Wagonjwa wengi huambiwa na jirani, na wakati mwingine hata na muuzaji wa unga, kwamba wakiacha ugali mweupe na kula ule wa wimbi au mtama basi wanaweza kushiba watakavyo. Sivyo. Unga wa wimbi una nyuzinyuzi na madini ya chokaa kuliko unga mweupe wa pakiti, na kwa hilo unastahili kusifiwa, lakini wanga wake ni zaidi ya gramu 70 katika kila gramu 100, karibu sawa na wa mahindi. Ukisagwa laini na kupikwa uji, kisha ukatiwa sukari, hupandisha sukari ya damu kwa kasi.

Nduma nayo imepewa sifa isiyostahili kabisa. Gramu 100 za nduma iliyochemshwa zina takriban gramu 34 za wanga. Ndizi mbichi za kupika zina kama 30, huku viazi mviringo na viazi vitamu vikiwa na kama 20. Vyote ni vyakula vyema, na havina udhia wa ngano iliyokaangwa kwa mafuta. Lakini mgonjwa wa kisukari anayekunywa chai pamoja na vipande vinne vikubwa vya nduma, akiamini kuwa ameepuka wanga, amejidanganya.

Maharagwe na njahi ni habari nyingine. Yana wanga pia, kama gramu 40 katika kikombe kilichojaa maharagwe yaliyochemshwa, ila zaidi ya robo yake ni nyuzinyuzi zisizogeuka kuwa sukari, na wanga uliosalia humeng'enywa polepole. Isitoshe, kuna protini. Ndiyo maana githeri yenye maharagwe mengi na mahindi machache humfaa mgonjwa kuliko ile ya mahindi matupu yenye punje za maharagwe za kuhesabu.

Wazo la kupunguza wanga si geni. Mwaka wa 1863, mzishi mmoja wa London aitwaye William Banting alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopunguza unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, kwa ushauri wa daktari wake. Mwaka wa 1921, Russell Wilder wa Mayo Clinic nchini Marekani alipendekeza mlo wa kuzalisha ketoni kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo mlo huo hutumiwa hospitalini kwa watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa. Katika miaka hiyohiyo insulini iligunduliwa jijini Toronto, na mgonjwa wa kwanza akadungwa Januari 1922. Kabla ya hapo, kunyima mwili wanga, na mara nyingi chakula chote, ndiko kulikokuwa karibu matibabu pekee ya kisukari. Halafu alikuja Robert Atkins wa New York, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1972 kiliufanya mlo huo kuwa biashara ya dunia nzima.

Afrika Mashariki nayo ina nafasi yake katika mjadala huu, na ushahidi wake huwatatiza wanaotaka jibu rahisi. Mwaka wa 1931, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha matokeo ya uchunguzi wao nchini Kenya uliolinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula nafaka, viazi vitamu, ndizi na kunde. Mwanamume wa Kimaasai kwa wastani alikuwa mrefu zaidi kwa inchi 5 na mzito zaidi kwa ratili 23. Miongoni mwa Wakikuyu kulikuwa na meno mabovu, upungufu wa damu na kasoro za mifupa kwa wingi zaidi; Wamaasai kwa upande wao walisumbuliwa zaidi na kufunga choo na maumivu ya viungo. Wameru hawakuwa miongoni mwa waliolinganishwa, lakini mkulima wa Meru wa zama hizo alikula vyakula vinavyokaribiana sana na vya Mkikuyu.

Wapenzi wa nyama hupenda kuutaja uchunguzi huo na kuishia hapo. Husahau kwamba Wakikuyu walikuwa wamepokonywa sehemu ya ardhi yao na kubanwa katika maeneo ya hifadhi, na kwamba njaa ya vyakula vya kuandamia si hoja dhidi ya nafaka. Husahau vilevile daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na kisha Uganda kuanzia mwaka wa 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1960 alieleza jinsi kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulivyokuwa haba miongoni mwa wenyeji, na hao walikuwa watu ambao chakula chao kilikuwa wanga asubuhi, mchana na jioni. Yeye na mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, walihitimisha kuwa siri ilikuwa katika nyuzinyuzi: nafaka zilisagwa pamoja na maganda yake, na sukari ilikuwa adimu.

Kwa upande wa pili kuna Wamaasai wenyewe. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwachunguza nchini Tanganyika katika miaka ya 1960, akakuta kolesteroli yao iko chini ingawa waliishi kwa maziwa na nyama. Hata hivyo, mwaka wa 1972 alichapisha matokeo ya upasuaji wa maiti 50 za Wamaasai: mafuta yalikuwa yameganda katika mishipa ya mioyo yao, ila mishipa hiyo ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu ilipita bila tatizo. Alidhani mwendo wao wa kila siku ndio uliowapanua.

Kwa hiyo mababu wa wanga na mababu wa maziwa, wote waliepuka kisukari. Waliloshiriki ni kazi ya mwili, chakula kisichosafishwa viwandani, na kutokuwa na sukari ya kilo. Tangu hapo mengi yamebadilika Meru. Mbegu chotara ya mahindi kutoka Kitale ilianza kutolewa kwa wakulima mwaka wa 1964, na mahindi yakazidi kusukuma kando wimbi na mtama. Unga uliokobolewa ukawa alama ya maendeleo. Bodaboda ikachukua nafasi ya miguu. Wanga ni uleule kwa jina, si kwa umbo.

Je, mgonjwa wa leo akipunguza wanga hupata nini? Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka wa 2021, uliojumlisha majaribio 23 yenye washiriki 1,357, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 wagonjwa waliopunguza wanga walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa sukari yao kurejea chini ya kiwango cha kisukari kuliko waliofuata milo mingine. Baada ya miezi 12 tofauti hiyo ilififia, hasa kwa kuwa mlo wenyewe ni mgumu kuuzingatia. Shirika la Kisukari la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, lilikubali kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya ulaji yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu.

Kuhusu unene, habari si za kusisimua sana. Jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka wa 2018, lililohusisha watu 609, lilionyesha kuwa waliopunguza wanga walipoteza wastani wa kilo 6.0 kwa mwaka, na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Zile kilo mbili tatu zinazoyeyuka katika wiki ya kwanza, ambazo huwafanya wengi waamini muujiza, kwa sehemu kubwa ni maji: ini na misuli huweka akiba ya wanga pamoja na maji, na akiba hiyo ikitumika maji hutoka kwa njia ya mkojo.

Swali la umri wa kuishi lilichunguzwa nchini Marekani kwa watu zaidi ya 15,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 25. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha vifo vichache zaidi kwa waliopata takriban nusu ya nguvu za mwili kutokana na wanga. Waliokula wanga kidogo sana na waliokula mwingi sana, wote walikufa mapema zaidi. Walioweka nyama mahali pa wanga walikuwa katika hali mbaya kuliko walioweka kunde, njugu na mboga. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi chanzo na matokeo, lakini kwa mtu wa Kianjai, ambaye kunde humfikia kwa urahisi kuliko nyama, si habari mbaya.

Sasa hatari. Mgonjwa anayetumia metformini pekee anaweza kupunguza wanga bila wasiwasi mkubwa, kwani dawa hiyo peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Anayetumia glibenklamidi yuko katika hali tofauti kabisa. Dawa hiyo, ambayo ni ya bei nafuu na imetumiwa sana nchini Kenya, hulishurutisha kongosho kutoa insulini, awe mgonjwa amekula au hajala. Akila mboga na yai badala ya ugali, dawa itaendelea kufanya kazi kana kwamba ugali ulikuwepo. Hukaa mwilini kwa saa nyingi, zaidi kwa mwenye figo dhaifu, na Shirika la Afya Duniani limeonya katika orodha yake ya dawa muhimu kwamba haiwafai watu waliozidi umri wa miaka 60.

Insulini ni vivyo hivyo, hasa ile ya mchanganyiko inayodungwa asubuhi na jioni. Kipimo chake hukadiriwa kwa kutarajia mlo fulani. Mlo ukipungua kwa nusu na kipimo kikabaki palepale, sukari inaweza kuanguka chini ya milimoli 4 kwa lita, ambapo mtu huanza kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba, kuhisi njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio. Ikizidi kushuka, huchanganyikiwa, husema maneno ya kilevi, hupoteza fahamu, na anaweza kufa usingizini.

Katika nchi ya miraa kuna jambo la ziada. Kemikali za miraa huondoa hamu ya chakula na kuuharakisha moyo. Mtafunaji aliyemeza glibenklamidi anaweza kupitisha mlo wa jioni bila kujali, na moyo unapoanza kumwenda mbio yeye na wenzake wakadhani ni miraa tu. Kinyume chake, soda na chai ya sukari zinazosindikiza mafungu ya miraa huweza kumwingizia wanga mwingi kuliko ugali alioukataa nyumbani.

Dawa za shinikizo la damu pia huhitaji kutazamwa. Mwili ukipungukiwa wanga hutoa chumvi na maji, shinikizo hushuka, na mtu aliyezoea vidonge vya kuongeza mkojo anaweza kupata kizunguzungu akisimama. Wanaotumia dawa mpya za kisukari ambazo majina yake huishia kwa flozini wanaweza kupatwa na sumu ya ketoni katika damu hata kipimo cha sukari kikionekana kuwa cha kawaida. Kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa kasi kwa mgonjwa wa aina hiyo si mambo ya kusubiri kukuche.

Wenye kisukari cha aina ya kwanza, wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na wenye ugonjwa wa figo hawapaswi kujaribu mlo mkali wa kuzalisha ketoni bila usimamizi wa daktari. Vivyo hivyo mgonjwa mwembamba. Si kila mwenye kisukari ni mnene. Mwaka wa 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya tano ya ugonjwa huo, inayohusishwa na utapiamlo. Kumnyima chakula mtu aliyekwisha kukonda ni kumwongezea ugonjwa.

Lipo pia suala la gharama, ambalo vitabu vya Marekani havilizungumzii. Ugali ndio unaoshibisha kwa bei nafuu. Kuondoa ugali na kuweka nyama ya mbuzi kila jioni ni mpango wa mwenye mshahara. Tena sufuria ni moja: mama hawezi kumpikia baba mgonjwa chakula chake na watoto chao, wala watoto hawafai kupunguziwa wanga kwa sababu ya ugonjwa wa baba. Unga wa pakiti, ambao sheria ya mwaka wa 2012 inataka uongezewe vitamini na madini, pia una manufaa kwa hao wadogo.

Lakini sufuria moja inaweza kupakuliwa kwa namna tofauti. Ugali wa ukubwa wa ngumi moja una takriban gramu 40 hadi 50 za wanga. Nusu ya sahani ikijazwa sukuma wiki, kabichi, terere au majani ya kunde, na robo iliyosalia ikawa maharagwe, ndengu, yai au omena, mlo umepungua wanga kwa zaidi ya nusu na gharama haijapanda sana. Nusu ya avokado kubwa huongeza shibe, kwani wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Makadamia, ambayo wakulima wengi wa Meru huyauza yote kwa madalali bila kuonja, yana mafuta mazuri na wanga kidogo. Kiganja kimoja hutosha. Sukari katika chai na soda ndizo za kuondolewa kwanza, kabla ya kugusa ugali wenyewe, maana hazina lishe yoyote ya kupotezwa.

Kabla ya kubadilisha mlo, mgonjwa huhitaji kwenda na dawa zake zote, zikiwa katika pakiti zake, kwa mhudumu wa afya, iwe ni Hospitali ya Miathene au hospitali ya rufaa mjini Meru, ili kipimo cha glibenklamidi au insulini kipunguzwe siku ileile mlo unapopunguzwa, na figo zipimwe. Katika wiki mbili za mwanzo sukari hupimwa kabla ya kula na saa mbili baadaye, na kabla ya kulala. Baada ya miezi 3 hufanywa kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa kipindi hicho chote, na ndicho kitakachosema iwapo jitihada zimezaa matunda.

Na katika siku hizo za mwanzo, mfuko wa koti au mkoba usikose sukari. Dalili za kushuka zikitokea, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vikorogwe katika maji na kunywewa mara moja, kisha sukari ya damu ipimwe tena baada ya dakika 15, na mgonjwa ale. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitalini.